Hayuko Mahali Palipotajwa

Jina la mia na kumi na saba lilikuwa la karani wa stoo ya mbolea, na Kimeli aliliandika kama alivyoyaandika yale mia na kumi na sita yaliyolitangulia: herufi ya kwanza ya jina la ubatizo, kisha jina la pili, bila nafasi katikati. Akabonyeza kibodi, akangoja taa ndogo ya kijani iwake na kuzimika, akaweka alama ya kalamu kwenye karatasi. Kisha akainua macho kuona mtu wa mia na kumi na nane.

Ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa Februari, mwaka wa tisini na sita. Ukumbi wa ofisi kuu ya kampuni ya chai mjini Kericho ulikuwa umejaa makarani kama kituo cha kununulia majani siku ambayo lori limechelewa. Walikuwa wamekuja kupewa majina. Mpaka wiki hiyo kila idara ilikuwa na kompyuta zake na orodha yake, na mtu aliyefanya kazi na idara tatu alikuwa na maneno ya siri matatu, yote yamebandikwa chini ya meza. Sasa kulikuwa na seva moja, na ndani yake daftari moja la majina ya watu wote. Vitabu vyekundu vilivyokuja na seva viliita daftari hilo mti. Kampuni ni shina, kila kituo ni tawi, kila mtu ni jani lililoshika tawi lake. Kimeli, mwana wa wakulima wa chai wa Kiptere, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Aliajiriwa kama fundi wa umeme. Vile vitabu vyekundu alivisoma mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana, kwa muda wa miezi minane. Hakuna aliyemfundisha na hakuna aliyemkataza.

Mtu wa mia na kumi na nane hakuwa kwenye foleni. Alikuwa msichana aliyebeba sinia pana lenye vikopo vya sampuli za chai, akitafuta mahali pa kuliweka kabla mikono haijamwisha nguvu. Alivaa sketi ya marinda ya rangi ya damu ya mzee na kardigani ya rangi ya haradali, na matone ya mvua yalikuwa bado yamekaa juu ya nywele zake zilizosukwa. Alilitua sinia juu ya orodha ya Kimeli.

"Samahani, bwana. Dakika moja tu."

"Jina?" Kimeli akauliza.

"Sijaja kutafuta jina. Nimekuja kuweka mzigo."

"Kesho utalihitaji. Sema tu."

"Waceke."

"La ubatizo?"

"Ruth."

Akaandika. Msichana akainama kutazama kioo cha kompyuta, harufu ya chai kavu ikatangulia mbele yake.

"Ati nani? Rwaceke? Hilo ni jina la mtu ama la ugonjwa wa ng'ombe?"

Foleni ikacheka. Kimeli hakucheka, alikuwa mtu ambaye kicheko humfikia baadaye, kama barua. "Mimi ni Wkimeli," akasema. "Hata hilo halitamkiki."

Waceke akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha naye akacheka, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekuta kitu barabarani na hataki wengine wajue. Vipande vya karatasi vya kuandikia maneno ya siri vilikuwa vimeisha, kwa hiyo Kimeli akamwambia neno lake la siri la kuanzia kwa mdomo, akimwinamia sikioni ili foleni isisikie. Waceke akachukua sinia lake akaenda.

Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Bwana Wkimeli, huyu ni Rwaceke wa mauzo. Mashine yako imenikataa mara tatu."

Kimeli akamwuliza aliandika neno gani.

"Ulivyoniambia. Pitii."

"Ndiyo. Nilisema pitii."

"Na ndivyo nilivyoandika. P, i, t, i, i. Nilidhani ni Kikipsigis."

"Hapana, ni Kiswahili," Kimeli akasema polepole. "Pitii. Kama mtu mwenye pitii kazini."

"Andika kwa karatasi, ulete," Waceke akasema.

Kimeli aliteremka ngazi mbili akiwa na karatasi mkononi. Idara ya mauzo ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha yanayotazama uwanja wa malori. Waceke alipokea karatasi, akasoma neno BIDII, akaweka paji la uso juu ya meza na mabega yakaanza kutikisika. Kimeli akasimama pale mlangoni, masikio yamemchemka. Alishachekwa kwa sababu ya ulimi wake, uliochanganya b na p, d na t, tangu shule ya msingi, na alikijua kicheko cha dharau kama mtu anavyojua mbwa wa jirani. Hiki hakikuwa hicho.

"Usikasirike," Waceke akasema, akijifuta macho. "Babangu ana nduka. Amekuwa na nduka miaka ishirini, na mpaka leo hajawahi kuwa na duka."

Hapo ndipo Kimeli alipocheka, na watu wa mauzo wakageuka, kwa maana hawakuwahi kumsikia.

Kutoka siku hiyo akawa Pitii. Mwanzoni ilikuwa Waceke anayemwita Kimeli hivyo kwenye simu saa kumi, mvua ya kila siku inapopiga mabati na hakuna anayesikia mwenzake ofisini. Kisha Kimeli naye akaanza kumwita Waceke hivyo, na mwisho hapakuwa na mwenye jina. Yeyote aliyetangulia kusema Pitii alikuwa anamwita mwingine. Walikula mandazi katika hoteli iliyo nyuma ya soko. Jumapili, Waceke akitoka kanisa lake la PCEA na Kimeli akitoka lake la AGC, walikutana wakaenda kutembea chini ya miti mikubwa ya bustani ya Chagaik. Mwezi wa Mei Kimeli alimpeleka Kiptere. Mama yake alimpa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, na Waceke alikunywa kikombe kizima akiwa amefumba macho. Mama hakuuliza jambo lolote, lakini wakati wa kuondoka alimfungia kibuyu kipya kwenye kitenge, na Kimeli alijua mama yake hagawi vibuyu ovyo.

Kwa kina Waceke ndiko njia ilikuwa nyembamba.

Baba yake, Mzee Nganga, alikuwa na duka lake Chepseon kabla ya kulihamishia mjini. Aliondoka huko mwaka wa tisini na mbili, mapigano ya makabila yalipowatimua watu wa kabila lake, na familia haikuwa na mazoea ya kuusimulia mwaka huo. Siku moja tu, Chagaik, Waceke aligusia.

"Babangu hapendi orodha za majina," alisema. "Hata ya michango ya kanisani hujiandika mwisho. Kuna siku watu walipita Chepseon na daftari, wakiuliza nani ni nani. Basi."

Kimeli hakuuliza zaidi. Baada ya muda alisema kwamba angependa kuja na wazee wake, wakae na Mzee Nganga, waongee. Waceke akasema angoje kidogo. Mwezi wa Agosti akasema angoje kidogo tena. Kimeli alingoja. Alikuwa mzuri wa kungoja. Kazi yake nusu nzima ilikuwa kungoja taa ya kijani. Lakini mtu akingoja sana huanza kusikiliza mambo ambayo hayajasemwa.

Katika miezi hiyo mti ulikua. Roret, ambako kampuni ilikuwa na kiwanda, paliunganishwa kwa laini ya simu, na Kimeli hakuyaandika majina ya huko mwenyewe. Alimfundisha karani wa pale, Kipchirchir, akamkabidhi tawi lake aliandike na kulitunza. Huo ndio ulikuwa uzuri wa mti: aliyesimama kwenye tawi lake aliona majani ya tawi lake, na hakusumbuliwa na ya wengine.

Ijumaa moja ya Oktoba, Kimeli akapata karatasi kutoka ofisi ya wafanyakazi. Ilikuwa na mwandiko wa Bi Bonareri, ulionyooka kama mistari ya chai:

*R. Waceke anaacha kazi leo. Anaolewa na Bw. Gitonga, Limuru. Tafadhali ondoa jina lake.*

Aliisoma. Akaiweka chini, akapanga kalamu zake, akaisoma tena.

Idara ya mauzo ilikuwa ngazi mbili tu kwenda chini, lakini kiti cha Waceke siku hiyo kilikuwa kitupu. Aliomba ruhusa ya siku moja, kwa shughuli ya nyumbani. Kimeli alipomwuliza Alhamisi ni shughuli gani, alisema atamwambia Jumatatu, kisha akatazama pembeni. Sasa Kimeli alidhani amejua alikuwa anatazama nini. Kungoja kidogo, na kungoja kidogo tena, yote yalijipanga nyuma ya karatasi ile kama mabehewa nyuma ya injini.

Hakumpigia simu Bi Bonareri. Mtu hampigii simu karani wa wafanyakazi kuuliza kama mchumba wake anaolewa. Alikaa mbele ya kompyuta, akiwa kwenye tawi la Kericho, mahali alipokaa siku zote. Akatafuta R. Waceke. Mashine ikamwonyesha jina moja. Akaamuru lifutwe, na mashine, kama ilivyofundishwa, ikamwuliza kama ana hakika.

Kwa mtu aliyependa utaratibu, swali hilo lilikuwa la desturi tu; hakuna aliyewahi kulijibu kwa kufikiri. Kimeli akabonyeza ndiyo. Taa ya kijani ikawaka, ikazimika. Akaweka alama kwenye karatasi, akaitia kwenye faili, akaenda kunywa chai, na chai ile aliiacha kikombe kizima.

Jumatatu saa mbili na dakika tano simu ikalia.

"Kimeli, mashine inasema sipo."

"Inasemaje?"

Waceke akasoma kile Kiingereza cha kwenye kioo akikigeuza polepole. "'Mtumiaji huyu hayuko mahali palipotajwa.' Na mimi niko hapa. Nimekalia kiti changu."

"Nilipata karatasi," Kimeli akasema.

"Karatasi ya nani?"

"Ya ofisi ya wafanyakazi. Mimi nilifuata tu. Nakutakia heri, Waceke."

Hakuwa amemwita Waceke tangu Machi. Kwenye waya kulisikika taipureta ya mtu mwingine, mbali.

"Umenifuta wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza."

"Karatasi ilikuwa wazi."

"Ukiwa umechoka na mimi ungesema," Waceke akasema. Sauti yake haikupanda. "Babangu aliniambia juu ya watu wa kufuta majina. Nikamwambia wewe si mmoja wao." Akakata.

Kimeli alibaki ameshika simu. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, au kwa msamaha wa mtu anayeenda kuolewa kwingine, na hilo alilosikia halikuwa mojawapo. Lakini gari la kampuni lilikuwa linamngoja nje. Laini ya Roret ilikuwa inakatika tangu Jumamosi, na tawi lisilosikia shina huanza kupotosha mambo. Akachukua begi la vifaa akaenda. Njiani dereva alimweleza habari ndefu ya ng'ombe aliyezaa pacha, na Kimeli aliitikia kila mahali panapostahili kuitikiwa.

Tatizo la Roret lilikuwa waya uliotafunwa na panya. Lilimchukua nusu saa. Alipokuwa anakunja begi, Kipchirchir, kijana mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akaleta lalamiko.

"Bwana Kimeli, mimi nilipata nakala ya karatasi nikaambiwa ofisi kuu mtamwondoa wenyewe yule anayeolewa. Mbona bado anaingia?"

"Nani?"

"Huyo pale."

Kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha lenye vumbi la majani, aliketi mwanamke mnene mwenye mwanya, amevaa gauni la maua na anaandika majina kwenye bahasha nyeupe. Aliinua mkono bila kuacha kuandika. "Ni mimi, na sijakataa kwenda," akasema. "Nimerudi kukabidhi funguo. Nikaona pia nitumie meza ya kampuni mara ya mwisho."

"Unaitwa nani?" Kimeli akauliza, na tayari alikuwa ameanza kuketi.

"Rahab Waceke."

Alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akauliza, kwa utaratibu, kama anamjua Ruth Waceke wa mauzo, Kericho.

"Ruth? Si ni binamu yangu. Baba zetu wamefuatana. Kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la cucu yake, mama ya baba, na cucu yetu ni mmoja. Kwa hiyo kila mwana wa cucu amezaa Waceke. Krismasi mtu akiita Waceke jikoni, tunaitika wanne." Akamtazama Kimeli kwa makini, kalamu imesimama. "Ngoja. Wewe ndiwe yule wa pitii?"

Kipchirchir akacheka mpaka akashika meza, ingawa hakujua kicheko kilikuwa cha nini. Kimeli hakuweza kumlaumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kanuni ile ya herufi moja na jina moja. Yeye ndiye aliyesoma, ukurasa kwa ukurasa, kwamba majina mawili sawa yanaweza kuishi kwenye mti mmoja bila kugombana, mradi yako matawi tofauti. Na kwamba anayetafuta jina bila kutaja tawi hupewa lile la karibu naye. Alilijua hilo kama sheria ya mashine. Hakuwahi kufikiri kwamba lile la karibu naye lingekuwa na kardigani ya haradali.

Aliomba simu. Opiyo, aliyekaa kwenye ubao wa simu ofisi kuu na kujua mambo ya kila mtu bila kuyatafuta, aliitika.

"Nipe mauzo, kaka. Waceke."

Opiyo alienda, akarudi. "Bwana Kimeli, huyo dada ananiambia nikwambie hivi: hayuko mahali palipotajwa."

"Mwambie ni mimi."

"Nilimwambia ni wewe. Ndiyo sababu."

Kimeli akamshukuru. Kisha akamwomba Rahab kadi moja ya harusi.

Yeye na dereva walifika Kericho saa nane na nusu, mvua ikiwa imeanza mapema. Kimeli hakupitia ofisini kwake. Aliingia mauzo na begi begani, maji yanamtiririka. Waceke alikuwa amevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, gauni ambalo watu huvaa siku wanayotarajia jambo, na alikuwa anapiga barua ya Mombasa kwenye taipureta kuukuu, kwa kuwa kompyuta haikumtambua. Hakuacha kupiga.

Kimeli aliweka karatasi ya Bi Bonareri upande wa kushoto wa taipureta, na kadi ya Rahab upande wa kulia. Akasimama.

Waceke akasoma ya kushoto. Akasoma ya kulia. Akarudi kushoto. Mtu mwingine angecheka, na Kimeli, kwa kweli, alikuwa ametumaini kicheko.

"Nilienda kwa Bi Bonareri asubuhi," Waceke akasema. "Akasema hajaandika chochote kuhusu mimi. Nikajua umenidanganya." Akagusa karatasi kwa ncha ya kidole. "Kumbe kila mtu alisema kweli."

"Ni kosa la tawi," Kimeli akasema. "Nilitafuta Kericho, ilhali yeye yuko Roret."

"La tawi nimeelewa. Mimi naitwa hivyo tangu nizaliwe, nimeshapokea barua za Rahab na viatu vya Rahab. Hilo silo kosa, Kimeli. Kosa ni kwamba mashine ilikuuliza kama una hakika, na wewe hukuniuliza mimi."

Mvua ilijaza chumba. Wenzake wa mauzo walikuwa wanafanya kazi kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Ni langu," Kimeli akasema. "Niliogopa utasema ndiyo."

Waceke akageukia kompyuta yake. "Unaweza kunirudisha?"

Kimeli angeweza kusema ndiyo, lakini hakuwa na mazoea ya kusema nusu ya jambo. Jina, akaeleza, litarudi kwa dakika moja. Lakini ndani ya mti mtu hajulikani kwa jina. Anajulikana kwa namba anayopewa siku ya kwanza, na namba hiyo imeenda na jina lililofutwa. Waceke atakayeandikwa leo atakuwa mgeni. Majalada yake yako salama, ila hayatamfungulia. Yapo thelathini na manane, na kila moja lazima liambiwe upya, kwa mkono, kwamba huyu ni wa hapa.

"Hakuna njia ya mkato?"

"Kuna tepu ya nakala ya Alhamisi. Ikirudishwa itakurudisha wewe, na kazi ya kila mtu tangu Ijumaa itapotea."

"Watu wasiadhibiwe kwa ajili yangu," Waceke akasema. Akasimama, akavuta kiti cha pili mpaka mbele ya kompyuta yake, akakifuta kwa kiganja. "Kaa. Na kila mlango utaniuliza."

Kimeli akakaa. Aliandika jina lake, herufi kwa herufi, safari hii akitaja tawi ingawa mashine haikudai. Ilipofika kwenye neno la siri, akageuza uso, akatazama malori uwanjani, kama kanuni inavyotaka. Alisikia vidole vya Waceke vikigonga mara tano. Kisha wakaanza.

"Sampuli za Januari. Unaingia?"

"Naingia."

"Kusoma tu, au na kuandika?"

"Vyote."

"Sampuli za Februari?"

"Vyote. Februari ndiyo niliweka sinia juu ya karatasi zako."

"Machi?"

"Vyote."

"Barua za mnada?"

"Kusoma tu. Za kuandika ni za bosi, na unajua."

"Sikujua. Ndiyo maana nauliza."

Waceke akauma mdomo ili usitabasamu mapema. Waliendelea hivyo, mlango kwa mlango, taa ya kijani ikiwaka na kuzimika. Kwenye jalada la kumi na moja, bila kumtazama, Waceke akasema kwamba Ijumaa alikaa dukani na baba yake kutoka asubuhi mpaka jioni. Alimsaidia kupima sukari, akamweleza habari za mtu wa Kiptere, na baba yake hakujibu neno. Jioni, wakifunga milango, mzee aliuliza swali moja: huyo mtu hufanya kazi gani. Akamjibu kwamba ni mtu wa kuandika majina ya watu ili wafunguliwe. Mzee alikaa na hilo mpaka kufuli la mwisho. Kisha akasema, mwambie aje Jumamosi.

"Leo nilikuja mapema," Waceke akasema. "Nilitaka uikute habari hiyo kwenye mashine, imeandikwa, kabla hujanipigia simu. Nikaambiwa sipo."

Kimeli aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Pole," akasema. Kwa mdomo wake lilitoka *bole*.

"Asante," Waceke akasema. "Jalada la kumi na mbili."

Kwenye la kumi na tano mvua ilikatika. Kwenye la kumi na tisa Kimeli alifungua ukurasa wa Waceke kuhakikisha kila kitu kimekaa, na Waceke akaona mistari ya kujazwa: jina, idara, chumba, simu. Mmoja ulikuwa mtupu. Akaweka kidole juu ya kioo.

"Huu?"

"Jina lingine. Kama mtu anajulikana kwa jina zaidi ya moja."

"Na lile la kwanza linafutwa?"

"Hapana. Linabaki pale pale. Hili linakaa kando yake."

Waceke alitazama mstari ule, halafu akamtazama yeye. "Na wewe ungeandika nini hapo?"

Mwezi mmoja nyuma Kimeli angekuwa na jibu, na pengine angekuwa ameshaliandika. "Ningeuliza kwanza," akasema.

"Haya. Umeanza kujifunza."

"Basi nauliza."

"Usiniulize hapa, mbele ya watu wa mauzo wanaojifanya viziwi." Mtu mmoja nyuma akakohoa. "Uliza Jumamosi, babangu akisikia. Njoo na wazee wako, na usijaribu kunyoosha ulimi ili umpendeze. Yeye ana nduka, wewe una pitii. Mtaelewana."

Kengele ya saa kumi na moja ikalia. Makarani walianza kufunika kompyuta na taipureta kwa vitambaa, na kutoka viwandani harufu ya majani yanayokauka ilipanda mjini kama kila jioni. Majalada kumi na tisa yalikuwa yamefunguka. Kumi na tisa yalikuwa bado.

"Tunaweza kumaliza," Kimeli akasema. "Kwa muda wa saa moja tu."

"Hapana. Kesho." Waceke alivaa kardigani yake, akatoa kola nyeupe ikae juu. "Nataka kesho pia uniulize."

Kimeli akachukua kipande cha karatasi akaandika: *Anzia la ishirini.* Akakibandika kwenye kioo. Mstari wa jina lingine aliuacha mtupu, akafunga ukurasa. Wakati anazima mashine alikumbuka vile vidole vilivyogonga mara tano. Bidii ina herufi tano. Pitii nayo ina tano. Neno la siri hata yeye hakuwa na njia ya kuliona, angeweza tu kulifuta, kwa hiyo aliliacha, akachukua begi lake na mwavuli wa Waceke, wakateremka ngazi.